Vidonge vya Baba Nancy Si Salfa

Harusi ya Nancy ilibaki wiki mbili, na mama yake, Getrude, alikuwa mwepesi kama msichana. Jumatatu ile asubuhi yeye na mumewe, Fortunatus, walikuwa shambani Chiungutwa wakiokota korosho. Getrude aliokota, akanyonga korosho ikaachana na bibo lake, akaitupa kwenye ndoo. Fortunatus naye alipaswa kuokota. Badala yake alikuwa akifanya mazoezi ya kutembea.

"Hivi, Mama Nancy," alisema, amekunja mkono kama mtu aliyeshikwa. "Binti ananishika hapa. Tunatoka mlangoni mwa kanisa mpaka mbele. Polepole. Chiungutwa nzima inione."

"Watakuja kumwona bibi harusi, si wewe."

"Kwa mashavu haya? Wataniona tu."

Mashavu kweli yalikuwa yamejaa. Kijiweni walishaanza kumwita bosi. Mwanzoni mwa mwaka mzee huyo hakuweza hata kushika jembe. Viungo vya mikono na magoti vilivimba na kuuma, mpaka mkewe akawa anamvalisha shati. Daktari wa hospitali alimpima, akamwanzishia vidonge vya prednisoloni. Baada ya wiki chache Fortunatus akavaa shati mwenyewe. Kisha yakarudi maneno yake mengi, na Getrude akajua mumewe karudi.

Alhamisi mambo yakabadilika. Fortunatus alishindwa kumaliza uji. Alisema mwili hauna nguvu. Alipojaribu kusimama, kizunguzungu kikamrudisha kitini. Mchana akatapika. Utani ukamwisha kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Getrude kuliko kutapika kwenyewe. Alimwaza Nancy amesimama mlangoni mwa kanisa peke yake.

Akakimbia kwa jirani yao, nesi Kulwa wa zahanati. Kulwa alitoka Usukumani, lakini miaka sita pale kijijini ilimtosha kumjua kila mtu pamoja na presha yake. Alikuja na kipimo mkononi.

"Shikamoo baba."

Fortunatus aliinua kidole tu. Kulwa akampima. Presha ilikuwa imeshuka mno.

"Baba, vile vidonge vya viungo umemeza mara ya mwisho lini?"

Fortunatus akatazama mabati.

"Baba Nancy, unaulizwa," alisema Getrude.

"Nimeacha. Tangu Jumamosi."

"Vimekwisha?"

"Vipo. Nimeviweka ghalani kwenye kopo. Ni akiba." Akavuta pumzi. "Mimi mkulima, nesi. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia kwenye maua ya mkorosho, napuliza dawa ya salfa. Maua yakisafika, nazima pampu. Salfa inayobaki ni ya mwakani. Sasa viungo vimepona. Nipulize nini tena?"

Getrude hakujua acheke au alie. Mtu hana nguvu ya kukaa, lakini ya kubishana anayo.

"Mzee wangu, tutabishana ukipona," alisema Kulwa. "Sasa hivi ni hospitali. Hili si la kusubiri kesho."

Akaandika kwenye karatasi jina la dawa na siku mgonjwa alipoiacha. Akampa Getrude. "Mwonyeshe daktari hii kabla hata ya salamu. Kopo la vidonge libebe pia."

Jirani mwingine, Alfredi, akatoa gari lake. Wakaondoka saa ile ile. Hospitalini daktari aliisoma karatasi, na matibabu yakaanza mara moja. Fortunatus alichomwa sindano, akatundikiwa dripu. Kesho yake mchana alifumbua macho vizuri, akaulizia ugali. Getrude akaketi kwenye benchi, akalia kwa raha.

Jumamosi Kulwa alikuja kuwatazama. Akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama Nancy, ukiletewa madumu ya maji kwa bodaboda kila siku, utakwenda kisimani?"

"Niende kufanya nini? Nitapumzika."

"Na siku bodaboda asipotokea, bila kukuaga?"

"Tutakaa na kiu. Hata njia ya kisimani itakuwa imeota majani."

"Basi mwili wa Baba Nancy ndivyo ulivyo. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Kila siku zinatengeneza kitu kinachofanana na dawa hii, na kitu hicho ndicho kinachotupa nguvu. Ukimeza vidonge muda mrefu, tezi zinapumzika. Ukiacha ghafla, hazijaamka. Mwili unakosa huku na huku."

Fortunatus akajiinua kidogo kitandani. "Kwa hiyo nitameza mpaka nife?"

"Sijasema hivyo. Daktari ndiye atakayepunguza, kidogo kidogo, ili tezi ziamke. Usipunguze mwenyewe. Meza asubuhi, ukishakula, maana tumbo tupu litakuuma na ukimeza jioni usingizi utakukimbia. Chumvi punguza. Kliniki usikose, tupime presha na sukari. Ukipata homa au kidonda, njoo mapema, kwa sababu dawa hii inaweza kuficha ugonjwa. Na ukitapika kidonge kisikae tumboni, usilale nyumbani ukingoje."

"Na dawa za maumivu za dukani?" aliuliza Getrude.

"Aulize kwanza. Nyingine zikikutana na hii zinachubua tumbo."

Fortunatus akakohoa. "Dada yangu Paulina ameniomba vitano. Anataka mashavu."

"Ulimpa?"

"Nilikuwa namhesabia."

"Usimpe hata kimoja. Mashavu hayo si afya, ni dawa tu. Yatapungua dozi ikipungua."

"Paulina nitamjibu mimi," alisema Getrude, na jinsi alivyosema, hakuna aliyetaka kuwa Paulina.

Jumanne Fortunatus aliruhusiwa. Getrude hakuvirudisha vidonge ghalani, aliviweka rafu ya juu jikoni, karibu na sufuria ya uji. Kila asubuhi mzee alikula, akameza, akaweka alama kwenye kalenda. Kwenye mfuko wa shati alitembea na kadi inayosema dawa anayotumia, na kila aliyemsalimia alionyeshwa, atake asitake. Paulina alikasirika siku mbili, kisha akaja kusaidia kuchambua mchele wa harusi.

Siku ya harusi wakwe walimkuta mezani na bakuli la uji. Bwana harusi, Gerson, akamhimiza kwamba watachelewa.

"Kanisa litasubiri," alisema Fortunatus. "Kidonge hakisubiri." Akamaliza uji, akameza, akasimama.

Kanisani Nancy alimshika mkono. Walitembea polepole, lakini mzee hakumtazama mtu hata mmoja, alimtazama binti yake njia nzima. Walipofika mbele, padri akauliza nani anamtoa mwanamke huyu aolewe.

"Mimi," alisema Fortunatus. "Mimi baba yake, nipo."

Getrude alikuwa ameambiwa asubiri mpaka pete zivalishwe. Hakusubiri. Alipiga kigelegele pale pale, na kanisa zima likampokea.