Nani Alikata Mshipi wa Ardís?

Kila Jumamosi, barafu ikishaondoka ziwani, Ardís huamka kabla ya bibi yake, hujifungia mkate na siagi, kisha huteremka gatini kumfuata rafiki yake Torfi. Watoto wa mji wetu ndivyo walivyo. Waambie waende shule, watakuambia wanaumwa tumbo. Waambie samaki wanakula, watakutangulia mlangoni.

Jumamosi moja, kazi yao ya kwanza ilikuwa kubishana juu ya chambo.

"Maji yametibuka leo," Torfi alisema. "Weka cha njano. Pikereli haoni kitu kwenye tope."

"Pikereli na macho yale? Anaona kuliko wewe."

Torfi yeye alimpenda paiki, yule samaki mrefu wa kwenye matete mwenye meno kama msumeno. Alimwekea chambo kikubwa cha bati kinachometa, na juu yake akafunga kipande cha waya. Ardís alimtaka pikereli, samaki wa macho makubwa ambaye nyama yake ni tamu na mashavu yake hugombewa mezani.

Siku hiyo alikuja na kijiko cha Babu Hannes. Babu alikuwa amekata mpini wa kijiko cha shaba, akapaka upande mmoja rangi nyekundu, akatia ndoana, kikawa chambo. Alifariki majira ya baridi, na kijiko kikabaki kwa Bibi. Bibi alimruhusu Ardís akitumie kwenye mashindano ya watoto Jumamosi iliyofuata, na kabla yake akijaribu.

"Lakini kifungie waya," alimwambia. "Nakupa ukavulie, sikupi ukalishe samaki."

Sasa, kila mvuvi wa pikereli hapa kwetu atakuambia kuwa pikereli akiona waya hugeuka akaenda zake. Na Bibi hakuwepo gatini. Ardís akafunga kijiko moja kwa moja kwenye mshipi. Torfi alimkatia ncha iliyobaki ya fundo kwa kisu chake.

"Waya uko wapi?"

"Wafunge minyororo hao paiki wako. Mimi niache."

Akatupa kando ya matete. Mara ya tatu mshipi ulishtuka, ukavutwa kwa nguvu, kisha ukawa mwepesi. Alipouvuta wote, kijiko hakikuwepo. Ncha ilikuwa imekatika sawasawa, kama kwa wembe.

Norma, msichana wa darasa lao aliyekuwa ameketi juu ya ndoo yake, aliinama akaitazama. "Fundo likifunguka, ncha hujikunja kama mkia wa nguruwe. Huu umekatwa. Nani alikuwa na kisu hapa?"

Ardís aligeuka akamtazama Torfi na kisu chake. Torfi alikuwa amekiomba kile kijiko mara nyingi asubuhi hiyo ili akijaribu, naye alimnyima. Labda aliukata mshipi nusu, uvutwe kidogo tu uachie, kisha arudi kukiokota. Maji pale hayapiti kiuno.

Jioni akarudi kuchungulia. Torfi alikuwa ndani ya maji yale ya baridi, anapapasa chini. Alipomwona Ardís alitoka haraka.

"Unatafuta nini?"

"Kitu tu," alisema, akaondoka akitetemeka.

Jumatatu Torfi alikuja shuleni na rangi nyekundu vidoleni, na alipoona anatazamwa akaficha mikono. Ardís hakuhitaji zaidi. Akamwambia Norma, na kumwambia Norma ni kupiga kengele ya kanisa. Kufikia Alhamisi, Torfi akipita gatini watoto walifunga visanduku vyao. "Ficheni vijiko," mmoja alisema, wengine wakacheka.

Torfi alimwendea Ardís. "Wewe ndiye uliyesema?"

"Fungua kisanduku chako."

Torfi hakukifungua, akaenda nyumbani. Ardís akakimbia kumshtaki kwa Bibi.

Bibi alikuwa anakaanga samaki. Alisikiliza mpaka mwisho. "Leta huo mshipi," alisema. Aliupitisha midomoni polepole, kisha akampa Ardís. "Pitisha na wewe."

Juu ya ncha, urefu wa kidole kizima, mshipi ulikuwa na mikwaruzo.

"Kisu hukata mahali pamoja," Bibi alisema. "Huku juu kumekwaruzwa na nini?"

Ardís aliupitisha mshipi midomoni tena.

"Ulifunga waya?"

"Nilikuwa natafuta pikereli, Bibi."

"Wewe ulitafuta pikereli. Paiki na meno yake hakuambiwa."

Machozi yakamlengalenga Ardís. "Na Torfi alikuwa anatafuta nini majini?"

"Kamuulize. Hilo ndilo ungeanza nalo."

Torfi alikuwa ameketi kwenye ngazi za kwao. Alifungua kisanduku. Ndani mlikuwa na kijiko kilichokatwa mpini kwa msumeno, kingo zimepinda, na rangi nyekundu yenye alama ya kidole.

"Cha babu yako sikukipata," alisema. "Nikakutengenezea hiki. Kijiko ni cha mama, bado hajajua."

Ardís aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama polisi."

"Nisamehe, Torfi."

"Hapa tuko wawili. Ulinisema mbele ya watu wangapi?"

Jumamosi, kabla ya mashindano kuanza, Ardís alimwomba Norma ndoo yake, akapanda juu. "Torfi hakukata mshipi wangu. Ulikatwa na paiki, kwa sababu sikufunga waya. Nilimsema bila kujua, na wengine mlinisikia. Nimekosa."

Norma alitazama viatu vyake, kisha akafungua kisanduku chake akakisogeza kwa Torfi. "Chagua unachotaka," alisema.

Ardís akashuka, akafunga kile kijiko kilichopinda, na waya juu yake. Bibi, aliyekuja kutazama mashindano, aliuvuta waya kwa nguvu kuupima.

"Mdhaniwa ndiye, kumbe siye," alisema. "Chambo kikipotea, mtu hukata kijiko kingine. Jina la mtu halikatwi lingine, mjukuu wangu. Ukimshuku mwenzako, muulize kwa wema kabla hujawaambia watu, na kabla ya kumuuliza yeye, jiulize wewe ulifanya nini." Akauachia waya. "Haya, tupa."