Pima Maji na Kidole Kisichopinda

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Pima Maji. Ni fundi wa kupanga vigae vya sakafuni, na kile kifaa chake cha kupimia usawa, kiitwacho pima maji, hakimtoki mkononi. Akiingia nyumba ya watu, haangalii makochi wala televisheni. Anaangalia chini. Kitanda chetu ameshakipima. Meza ya kulia ameshaipima. Siku moja nilimkuta jikoni anapima sufuria iliyo motoni.

"Baba Pacha," nikamwambia, "hiyo ni mboga, siyo sakafu."

"Jiko limeinama, Mama Pacha. Ndiyo maana mboga inaungua upande mmoja."

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi kwa huyu bwana.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo mbele ya nyumba, viti viwili na kioo. Ndani tunaishi mimi, yeye, pacha wetu wanaosoma, na mama mkwe wangu. Mama mkwe hana mdomo mbaya, ila ana mdomo usiochoka.

Kazi ya vigae ni kazi ya magoti. Fundi anapiga magoti asubuhi, na jua likizama bado yuko chini. Miguu nayo haikai bure huko nyuma. Anakunja vidole, anaviegemea, vinamsukuma mbele. Mume wangu alikunja vidole hivyo tangu ujana. Mwishowe kidole gumba cha mguu wa kulia kikaanza kuuma. Akasema ni baridi. Baadaye akasema ni kiatu. Kiungo kikavimba, kikaota nundu kwa juu, na yeye akawa anatembea kwa upande wa mguu. Alikuwa akichechemea mpaka mtu unamwonea huruma.

Hospitali walimpiga picha. Kile kiungo cha chini ya kidole gumba, pale kidole kinapoungana na mguu, kilikuwa kimelika. Gegedu, yaani ule utando laini unaozuia mifupa isisagane, ulikuwa umekwisha. Daktari akashauri operesheni. Ikafanyika, ikaenda vizuri.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikaa naye akamweleza kila kitu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa. Niliporudi nikauliza, "Amesemaje?"

"Nivae kiatu hiki cha hospitali, nikanyagie kisigino, nirudi kupigwa picha."

"Na mengine?"

"Mengine ya kawaida tu."

Baadaye sana ndipo nikaujua ukweli. Daktari alikuwa akieleza, bwana wangu akiitikia "ndiyo, ndiyo," huku macho yako chini ya dirisha. Kulikuwa na kigae kimoja kimepangwa upande. Kilimkera, maneno ya daktari yakapita juu ya kichwa chake.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu wa kwangu alianza na guu, masikio yakafuata.

Tukiwa nyumbani, mkandarasi mmoja akaja kumwona mgonjwa. Alikuwa anajenga shule.

"Pima Maji, nimekuwekea ukumbi," akasema. "Kuta zikishapakwa rangi, sakafu ni yako. Lakini hapo ndipo mwisho wangu. Usipokuwa tayari, nitatafuta fundi mwingine."

Mkandarasi alipoondoka, mume wangu alibaki akiutazama mguu wake. Najua alichokuwa anawaza. Hakuogopa njaa, maana saluni yangu haijawahi kulala. Aliogopa watu kumwita fundi wa zamani. Sakafu ndiyo heshima yake. Ukimwondolea sakafu, umemwondolea jina.

Ndipo akaanza kuwa na haraka. Akawa anavua kile kiatu cha hospitali na kujaribu kukunja kidole. Kidole hakipindi. Anajaribu tena. Hakipindi.

"Kimekauka hicho," mama mkwe akasema. "Kinataka maji ya moto na mkono wa mama."

Wakaanza kazi yao mimi nikiwa saluni. Mama anakanda kwa kitambaa cha moto, mwana anauma meno. Siku moja nikaingia ndani kuchukua kitana. Nikamkuta bwana wangu amekaa kitandani, mguu juu ya kigoda, anagonga kidole taratibu kwa nyundo ya mpira. Sikio ameliinamisha.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza kama kimeshika."

Mafundi wa vigae hufanya hivyo. Kigae kikigongwa kikatoa sauti ya utupu, chini yake hakuna gundi ya kutosha.

"Hicho ni kidole cha mtu, Baba Pacha."

"Kila kilichobandikwa kina sauti yake, Mama Pacha. Hiki simuelewi aliyekibandika."

Nikamnyang'anya nyundo. Nilidhani yamekwisha. Kumbe siku iliyofuata, nikiwa namsuka mteja, nikasikia mguno kutoka ndani, kama mtu aliyebebeshwa gunia. Nikakimbia. Mume wangu alikuwa amepiga magoti sebuleni, mguu mtupu, kidole kimekunjwa kwa nguvu chini yake. Mama yake ameshika kisigino, anakisukuma. Mume wangu alijikaza kisabuni, lakini jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

Tukamwinua, tukamkalisha. Mguu ukaanza kuvimba tukiuona. Hapo akavunjika moyo kabisa.

"Wamenipasua bure," akasema. "Wameniwekea jiwe. Fundi asiyekunja kidole atapangaje vigae? Unga wangu umemwagika."

Machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika baba yake. Nami nikalia.

Bahati mteja niliyekuwa namsuka hakuwa mtu wa hivi hivi. Ni binti mmoja anayefanya kazi hospitali ile ile. Ni daktari wa mazoezi. Yeye hufundisha wagonjwa kutumia viungo vyao baada ya ajali au operesheni. Aliingia sebuleni nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akachutama mbele ya mume wangu.

"Shikamoo, kaka. Hebu tuone."

Akautazama mguu bila kuukandamiza.

"Una homa? Kidonda kinatoa maji au usaha? Nyuma ya mguu hapa, chini ya goti, panauma au pamevimba?"

"Hapana. Ni kidole tu."

"Ungekuwa na lolote kati ya hayo, au wekundu unaosambaa, tungekwenda hospitali dakika hii. Hata hivyo, kesho asubuhi lazima upigwe picha. Sasa vaa kiatu chako, lala, mguu uwe juu ya mito. Uinuke kuliko moyo, uvimbe upungue. Na mama, tafadhali, usikikande tena."

Kesho yake tulikwenda wote, mpaka mama mkwe. Daktari wa mazoezi akatuonyesha picha. Ndani ya kidole kulikuwa na bamba dogo la chuma na skrubu. Mume wangu akasogea karibu. Vitu vilivyokazwa vizuri anavipenda.

"Hapa palikuwa na kiungo," binti akasema. "Sasa hakipo. Daktari aliondoa ile sehemu iliyolika. Akaibananisha hii mifupa miwili, akaikaza kwa chuma, ili iote iwe mfupa mmoja."

"Kwa hiyo kitapinda lini?" mume wangu akauliza.

"Hakitapinda hapo tena, kaka. Hakikutakiwa kupinda."

Mume wangu akaitazama tena picha.

"Kilikuwa kinauma kwa sababu mifupa inasagana kila unapotembea," binti akaendelea. "Kisiposogea, hakisagani. Kisiposagana, hakiumi. Huko kutopinda ndiko kupona kwenyewe. Uliambiwa siku ya kuruhusiwa."

"Siku hiyo palikuwa na kigae..." mume wangu akaanza.

Mama mkwe akadakia. "Mbona jirani yetu wa kule nyuma alipasuliwa kidole gumba, naye akaambiwa akikunje kila siku?"

"Kweli, mama. Operesheni za kidole hicho ziko za aina nyingi. Nyingine hutunza kiungo, na mgonjwa hukikunja ili kisikakamae. Hii ya mwanao imekifunga. Ndiyo maana mtu hachukui mazoezi ya jirani. Anafuata aliyopewa yeye, na asipoelewa anauliza tena. Hakuna anayefukuzwa hospitali kwa kuuliza."

Kisha akamgeukia mume wangu. "Fundi, ukipanga vigae leo, unaruhusu watu wakanyage leo?"

"Sithubutu. Gundi haijashika."

"Mtu akikanyaga?"

"Atanitambua."

"Basi mifupa yako ndiyo inashika, na anayeikanyaga ni wewe."

Mume wangu akanywea. Nilitaka kucheka, nikaona hapana, si mahali pake.

"Una bahati," binti akasema. "Skrubu hazijalegea. Umejichelewesha tu. Rudi kwenye kiatu cha hospitali mpaka daktari aseme vua. Kama unavuta sigara, acha, maana zinachelewesha mfupa kuungana."

"Sivuti."

"Vizuri. Basi kazi yako sasa ni kukaa mguu juu."

Kumkalisha Pima Maji si kazi ndogo. Mama mkwe ndiye aliyeibeba. Mkono uliokuwa unakanda sasa ukawa unapanga mito. Akitaka kuinuka, mama anamwambia, "Kaa. Gundi haijashika." Pacha nao wakaidaka ile kauli. Nyumba nzima ikawa inamwamrisha fundi kwa maneno yake mwenyewe. Alinung'unika, lakini alitii.

Picha iliyofuata ikaonyesha mfupa umeungana. Daktari akamruhusu kuvua kiatu cha hospitali. Daktari wa mazoezi akatueleza viatu vya kununua. Viwe vipana mbele, vidole visibanwe. Soli iwe ngumu, na mbele iinuke kidogo, ili mguu ubingirike wenyewe badala ya kidole kukunjwa. Akatuambia pia tusishangae mguu kuvimba jioni, huenda ukaendelea hivyo kwa miezi mingi.

Mume wangu akavivaa, akatembea mpaka barabarani na kurudi. Akasimama mbele yangu.

"Hakiumi," akasema.

"Hata kidogo?"

"Ngozi imekaza tu. Lakini ule moto haupo, Mama Pacha. Haupo kabisa."

Nilishika ukuta kwa furaha. Ila najua bwana wangu, furaha haikudumu usoni. Kutembea si kupanga vigae. Mkandarasi alikuwa ameshaanza kupaka rangi.

Daktari wa mazoezi akaja nyumbani. "Nionyeshe unavyokaa kazini," akasema.

Mume wangu akasita, kisha akaeleza kwa mikono tu. Kupiga magoti kule kwa zamani alikuwa anakuogopa.

"Magoti si tatizo," binti akasema. "Tatizo ni vidole. Nani alikuambia lazima uviegemee?"

"Ndivyo nilivyofundishwa. Ndivyo tunavyofanya mafundi wote."

"Basi tubadilishe. Weka sponji nene chini ya magoti. Mguu wa kulia ulaze chali, mgongo wake uguse sponji, unyayo utazame juu, vidole vitazame nyuma. Ukitaka kujisukuma, tumia mguu wa kushoto. Kuinuka, tanguliza wa kushoto, kanyaga kwa unyayo wote, shika goti, simama."

Mara ya kwanza alianguka ubavu. Mama mkwe akafunika macho. Mara ya pili akashika kiti, kiti kikaanguka naye. Nikamwambia apumzike, akaniambia nikasuke. Siku zikapita. Nikiwa saluni nasikia kishindo, kisha kimya, kisha kishindo. Ikafika siku vishindo vikakoma. Nikachungulia. Alikuwa anapiga magoti na kuinuka, anapiga magoti na kuinuka, kama mtoto aliyepata mchezo mpya. Kisha akachukua ubao, akaufungia magurudumu madogo, akaubandikia sponji juu. Akawa anateleza juu yake sebule nzima, mguu umelala nyuma salama.

Mkandarasi alipokuja, aliutazama ule ubao, akautazama na mguu.

"Utaweza?"

"Nipe kona moja," mume wangu akamjibu. "Usipoipenda, mpe mwingine."

Akapewa kona. Jioni mkandarasi akaikagua, akaigonga kigae baada ya kigae. Hakuna hata kimoja kilichotoa sauti ya utupu. Akampa ukumbi mzima.

Alifanya kazi kwa akili. Alipumzika mchana mguu ukiwa juu ya ndoo. Kidole kilipochoka alisikiliza, hakushindana nacho. Wasaidizi wake walimcheka kwa kile kigari, kisha wakaanza kukiazima.

Siku ya mwisho, mimi na mama mkwe tulikwenda kuona. Ukumbi ulikuwa unang'aa. Mistari imenyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Yeye alikuwa mlangoni anapanga kigae cha mwisho. Alikisawazisha, akakigonga, akakipangusa kwa kiganja. Kisha akatanguliza mguu wa kushoto, akashika goti, akainuka. Nilificha mikono yangu nyuma nisimkimbilie. Hakunihitaji. Alisimama wima, akautazama ukumbi wake, na mkandarasi akampa mkono.

"Tunajenga na zahanati," mkandarasi akasema. "Wiki ijayo uje tupime."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tangu kidole kianze kuuma, mimi ndiye niliyekuwa natangulia njiani na kumsubiri kila kona. Jioni ile yeye alitangulia, kiatu chake kinabingirika, begi la vifaa begani, akizungumza peke yake habari za zahanati. Tukawa tunahema nyuma yake. Mama mkwe akasimama, akashika kiuno.

"Mama Pacha," akaniambia, "mwambie mumeo apunguze mwendo. Wengine bado tuna vidole vinavyopinda."