Mlango wa Nyuma wa Trela

JUMATANO, MCHANA

Kitu cha kwanza Twyla alichokiona ni madumu mawili mekundu ya petroli. Yalikuwa yamesukumwa nyuma ya jokofu, yamefunikwa gunia. Trela lake lina tangi lake la petroli ubavuni, pampu, na mpira wa kujazia pikipiki. Mwenye trela la namna hiyo haji jangwani na madumu.

Hakuuliza. Twyla hakuwa mtu wa kuuliza.

Walikuwa watatu kwenye chumba cha nyuma: yeye, kaka yake Lonnie, na Rusk. Chumba hicho ndicho gereji ya trela. Ukuta wote wa nyuma hushuka kwa nyaya mbili ukawa daraja. Unapandisha pikipiki au gari dogo la kukimbizwa mchangani, unalifunga mikanda kwenye pete za sakafuni, unarudisha ukuta juu. Ukifika kambini unalitoa, unashusha vitanda kutoka darini, unalala hapo hapo lilipokuwa limesimama. Mbele kuna jiko dogo, choo, na kitanda kimoja chenye pazia la maua. Pazia alilishona Twyla. Baba yake alimwachia trela hilo alipokufa, na hiki kilikuwa kipupwe cha tatu anaishi ndani yake. Kazini walidhani ana chumba mjini. Hakuwasahihisha.

Rusk alipanga vikombe sakafuni.

"Haya ni matrela. Kambi ya duara. Hiki cha bluu ni mzee Ostrow. Hiki ni sisi. Unaweza kumtemea mate ukiwa umelala."

Lonnie akacheka. Lonnie alicheka kila Rusk alipofungua mdomo. Walifungwa gereza moja. Ndani, Rusk alimkinga asiumizwe. Nje, Lonnie hakujua tena namna ya kumkatalia.

"Leo tumefika. Kesho ni Sikukuu ya Shukrani, tunakula nao, tunacheka nao. Ijumaa mchana kambi nzima inakwenda Kilima Kikubwa kutazama mashindano. Ostrow hatoi gari lake la mchangani mpaka jua lipoe, analiacha hapa. Lonnie analiwasha, anapanda daraja, liko humu. Jioni tuko Arizona. Mteja anasubiri."

"Na kelele ya injini?" Lonnie akauliza.

"Huku kelele ndiyo kimya, bwana mdogo. Ukizima ndipo watu wanageuka."

"Na mimi?" Twyla akauliza, kwa sauti ya chini.

"Wewe unafunga mikanda. Wewe ndiye unayeonekana mtu wa kambi. Jumapili unarudishiwa sanduku lako." Alisema hivyo bila kumtazama. Tangu mwanzo trela aliliita sanduku.

Twyla akajikaza. "Tairi..."

"Zimefanya nini?"

"Mchangani watu hupunguza upepo. Tairi ikilegea inakanyaga juu, haichimbi. Hapa tulipo ni pagumu, lakini njia ya kutokea..."

"Halafu tukifika lami tupige magoti kujaza upepo kama watoto wa baiskeli? Hapunguzi mtu upepo."

 Rusk akaviokota vikombe kimoja kimoja, akavifuta kwa shati lake.

ALHAMISI, JUA LIKISHUKA

Mzee Harlan Ostrow alikaanga bata mzinga kwenye pipa la mafuta, nje, akiwa amevaa miwani ya kuendeshea ili asirukiwe na mafuta usoni. Kila trela lilileta kitu: viazi vya kuponda, maharage, mkate wa mahindi, bia. Watu walishusha madaraja yao, wakayatandika mazulia, yakawa vibaraza. Bendera ziliyumba juu ya milingoti myembamba ya magari. Jenereta zilinguruma. Zaidi ya hapo palikuwa na matuta tu, matuta juu ya matuta, yakibadilika rangi.

Gari la mzee lilikuwa la njano. Halikuwa na paa wala milango, mabomba tu na injini kubwa nyuma, imeng'arishwa mpaka unaona uso wako.

"Ufunguo unaweka wapi, mzee?" Rusk akauliza, mdomo umejaa.

"Kwenye gari."

"Huogopi?"

"Nikiutia mfukoni nitaudondosha kwenye matuta, nilale huko na nge." Mzee akacheka. "Kwenye duara hakuna mwizi, bwana. Kuna wakopaji tu. Huyu hapa ana jeki yangu tangu mwaka juzi."

"Ulinipa mwenyewe!" jirani akadakia.

"Nilikuonyesha. Kukuonyesha si kukupa."

Wakaangua kicheko. Rusk alicheka kuliko wote. Kisha akainamisha kichwa, akamwambia mke wa mzee, mama Bev, kwa sauti ya mjomba mwenye huzuni: "Hawa watoto wana mtihani. Mama yao amelazwa, hali yake si nzuri. Tunaweza kuitwa saa yoyote. Msije mkashangaa mkituona tunafunga mizigo."

Mama Bev akaweka sahani chini. Alimshika Twyla mikono yote miwili.

"Mwanangu. Mbona hukusema?"

Mama yake Twyla alikuwa amekufa Twyla akiwa hajajua kusoma. Alitazama viatu vyake. Mama Bev alidhani ni majonzi, akamkumbatia, akampa pai nzima ya maboga aende nayo.

Twyla aliila peke yake kitandani, nyuma ya pazia, kwa kijiko. Upepo ulianza usiku huo. Alisikia mchanga ukipiga ubavu wa trela kama mtu anayepepeta mchele.

IJUMAA, ASUBUHI

Walikuwa wanapandisha vitanda darini, yeye na Lonnie. Rusk alikuwa nje akiunganisha trela na pikapu.

"Twy," Lonnie akasema. "Toa vitu vya baba. Vitie kwenye pikapu."

"Vitu gani?"

"Picha. Kofia. Chochote unachokitaka."

"Kwa nini?"

"Toa tu, dada. Usianze."

Alimtazama. Lonnie alikuwa anajishughulisha na ndoana ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

"Madumu yale," Twyla akasema.

Lonnie akaivuta ndoana tena.

"Atalichoma trela."

"Alama za vidole zimejaa, Twy. Rangi za gari zitabaki sakafuni. Tukishashusha mzigo kule, lazima..."

"Umejua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na hukuniambia."

"Ungekataa."

Twyla aliwaza hilo. Hakuwahi kumkatalia mtu kitu maishani mwake, na kaka yake alilijua hilo kuliko yeyote.

"Nitakutafutia jingine," Lonnie akasema. "Naapa. Kubwa kuliko hili."

"Mimi na wewe tulilala hapa," Twyla akasema, akigusa kitanda cha chini. "Wewe juu, mimi chini. Ulikuwa unaning'iniza mguu."

Rusk akachungulia mlangoni. "Kuna msiba?"

"Hakuna," Lonnie akasema haraka.

Rusk alipogeuka, shati lilipanda. Bastola ilikuwa imechomekwa mgongoni, kwenye mkanda.

IJUMAA, JUA UTOSINI

Kambi ilihama. Magari yalipita yakirusha mchanga, bendera zikipepea, watoto wamefungwa mikanda mitatu mitatu. Mama Bev alipunga mkono kutoka kwenye pikapu ya jirani. Mzee Ostrow alikuwa amekaa nyuma na viti vya kukunja mapajani.

Rusk alisubiri vumbi litue. "Sasa."

Lonnie alivuka uwanja akitembea kama mtu anayekwenda kuomba chumvi. Akaingia kwenye gari la njano. Injini ikaunguruma, sakafu ikatetemeka chini ya miguu ya Twyla. Hakuna aliyegeuka. Hapakuwa na wa kugeuka.

Gari likapanda daraja taratibu, likajaza chumba chote. Twyla alipiga magoti, akafunga mikanda kwenye pete, mbele miwili, nyuma miwili, kama alivyofundishwa na baba yake. Mikono yake haikutetemeka. Hilo lilimtisha.

Ukuta ukapanda. Komeo likalia.

"Ingieni," Rusk akasema. "Dakika chache tuko lami."

IJUMAA, ALASIRI

Hawakufika lami.

Upepo wa usiku ulikuwa umelaza ulimi wa mchanga katikati ya njia ya kutokea. Pikapu ilipita. Trela halikupita. Liliyumba, likasita, likakaa kitako. Rusk alikanyaga mafuta. Tairi zikachimba. Alikanyaga tena, na Twyla akahisi nyumba yake inazama nyuma yake.

"Acha," akasema. "Unalizika."

"Funga mdomo!"

Wakachimba kwa sufuria na kwa mikono. Rusk alitoa upepo kwenye tairi, amechelewa. Jasho lilimlowesha mgongo wote, na bastola ikajichora kwenye shati. Jua likaanza kuinama. Halafu wakasikia magari.

Kwenye matuta hakuna anayempita aliyezama. Hata ukimwambia aendelee, anashuka. La kwanza likasimama, la pili, la tatu. Watu wakashuka na majembe, mbao na kamba za kuvutia.

"Tuko sawa, jamani!" Rusk alipaza sauti. "Nendeni, tuko sawa!"

"Sawa wapi? Ekseli imelala!" mmoja akamjibu huku akichimba.

Pikapu ya jirani ikafika. Mama Bev akashuka kabla haijasimama. "Ni wale watoto! Mama yao yuko hospitali! Njooni wote, lazima waondoke sasa hivi!"

Basi wakaja wote. Uongo wa Rusk uliwaita kama king'ora. Waliacha bia zao, waliacha viti vyao, walikuja mbio kwa ajili ya mama ambaye hayupo. Walifunga kamba kwenye magari manne, wakavuta. Trela lilisogea kidogo, likarudi shimoni.

Mzee Ostrow alizunguka akiangalia tairi za nyuma. "Mmebeba nini humu?"

"Pikipiki mbili," Rusk akasema.

"Pikipiki mbili hazizamishi trela hivi."

"Na maji. Tangi la maji limejaa."

"Tangi liko mbele. Huu uzito uko nyuma." Alisema bila hila, kama fundi anayewaza. "Tufungue, tuzitoe. Likiwa jepesi litatoka lenyewe."

"Usiguse hapo, mzee."

"Dakika moja tu, bwana. Kwa ajili ya mama yao."

Mzee akaweka mkono kwenye komeo. Mkono wa Rusk ukaenda mgongoni.

Lonnie aliuona. Akatazama chini. Twyla aliuona pia. Alimwona mama Bev amesimama ubavuni mwa mumewe, ana chupa ya maji aliyoileta kwa ajili yake. Akajua mambo mawili kwa wakati mmoja. Mzee akifungua, Rusk atampiga risasi. Na trela limeshaondoka mikononi mwake. Ama litaungua Arizona, ama litavutwa na polisi leo. Kilichobaki ni nani atakayekufa mbele yake.

Miguu yake ikaenda. Alipita kati ya Rusk na mzee, akasimama hapo, mgongo wake ukiwa kwenye bastola. Aliutoa mkono wa mzee kwenye komeo kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto kisu mkononi. Akavuta mwenyewe.

Ukuta ukashuka. Gari la njano likang'aa mbele ya watu wote, limefungwa mikanda vizuri.

Majembe yakasimama. 

"Lile..." mzee Ostrow akasema. Hakumaliza.

"Mshenzi wewe," Rusk akasema nyuma yake. Twyla alisikia bastola ikikokiwa. Kisha akasikia kaka yake akipiga kelele isiyo na maneno, na risasi ikalia.

Alipogeuka, Lonnie alikuwa amemng'ang'ania Rusk mkono, wote wawili chini. Mchanga ulikuwa mwekundu chini ya paja la Lonnie. Wanaume wenye majembe waliwaangukia. Mmoja alimpiga Rusk kifundo cha mkono, mara moja, na bastola ikaruka. Walimkalia mpaka akaacha kutukana.

Mama Bev ndiye aliyefunga jeraha, kwa skafu yake mwenyewe. Hakumtazama Twyla hata mara moja. Hilo liliuma kuliko yote.

Naibu wa sherifu, askari wa wilaya ile, alifika jua likigusa matuta. Kijana, mwenye masharubu machanga. Aliangalia daraja lililoshuka, gari, damu, watu. Aliandika namba ya trela.

"Hili trela la nani?"

"Langu," Lonnie akasema, amelala mchangani, midomo imekauka. "Langu na la yule. Huyu dada yangu tulimdanganya tu, hajui kitu. Mwacheni aende."

Naibu akamgeukia Twyla. "Ni kweli?"

Angeweza kunyamaza. Alijua namna ya kunyamaza kuliko kitu kingine chochote. Lonnie alikuwa anamtazama akimsihi kwa macho: nyamaza, Twy, mara moja tu ya mwisho.

Twyla aliangalia ndani. Zaidi ya gari, kule mbele, pazia la maua lilikuwa limefunguka nusu, na kitanda kilikuwa hakijatandikwa.

"Si lake," akasema, kwa sauti iliyomfikia kila mtu aliyesimama pale, na mama Bev akainua kichwa. "Ni langu. Naishi humu. Sina nyumba nyingine."