Kitanda Kilichonyeshewa

Asubuhi hiyo duka la picha lilijaa hadi mlangoni. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na kila mzazi alikuwa amemshika mtoto aliyepakwa mafuta mpaka anang'aa, anataka picha ndogo za kitambulisho, na anazitaka sasa hivi. Mpiga picha, kijana mrefu mwenye shati la kijivu lililokunjwa mikono, hakuwa na nafasi ya kutazama sura za watu. Alitazama masikio, mabega na kidevu, basi. Mbele ya kitambaa cheupe akasimama mwanamke mwenye gauni la bluu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Inua kidevu kidogo, dada."

Akainua.

"Usitabasamu."

Wala hakuwa ametabasamu. Taa ikawaka. Alipoulizwa anataka nakala ngapi, akasema hataki hata moja. Yeye ni fundi wa mapazia, mwenye duka amemwita aje kupima hicho kitambaa cha nyuma kilichochanika. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mpiga picha akajishika kichwa.

"Sasa mbona ulikubali kuinua kidevu?"

Mwanamke akafikiri kidogo. "Uliniambia niinue."

Na huo ndio ulikuwa ukweli. Tangu mama yake azikwe, alikuwa mtu wa kufanya anachoambiwa. Akiambiwa kula, alikula. Akiambiwa lala, alikwenda kulala, kama mtoto anayevishwa nguo, anatoa mkono huu, halafu anatoa ule. Msibani hakulia, watu wakamsifu kwamba ana moyo mgumu. Hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, ni wako, lakini ukiugusa hausemi kitu.

Jioni ile kijana alipiga simu kuuliza kitambaa kitakuwa tayari lini. Kilipokuwa tayari na kutundikwa, akapiga tena.

"Kitambaa kina tatizo gani leo?" fundi akauliza.

"Kina upweke."

"Kipige pasi."

Kijana alicheka hadi akakohoa. Upande wa pili wa simu, fundi aliendelea kupindia pindo, lakini hakukata simu. Ikawa hivyo kila jioni. Kwenye simu yake kijana alimwandika Pazia, na yeye akamwandika Kidevu, na majina ya nyumbani hayakupata kazi tena kati yao. Mama mdogo, aliyekuwa akiishi naye, alianza kuuliza kwa sauti ya chinichini huyo Kidevu ana kazi gani, na kama hicho kidevu chenyewe kina ndevu.

Kumbe picha za vitambulisho zilikuwa za kumpa mkate tu. Penzi lake Kidevu lilikuwa nyumba za mashambani zilizoachwa, zile kubwa za zamani ambazo wenyewe walikufa au walihamia mjini, paa zikaanza kubomoka. Kila Jumamosi aliazima gari la rafiki yake, akatoka nje ya mji kuzitafuta. Siku alipomwambia Pazia twende, Pazia akaenda. Aliambiwa, akaenda.

Lakini humo ndani alipumua. Ngazi zilizoota majani, sebule ambayo mti umepenya sakafuni na kutokea dirishani, kiti kimoja kinachotazama ukuta. Nyumba hizo hazikumwuliza anaendeleaje. Kidevu alikuwa na sheria moja: hagusi kitu, hasogezi kitu. Kikombe kilichoanguka kinabaki kimeanguka. "Nyumba imeamua yenyewe ilale vipi," alisema, akatembea kwa vidole kana kwamba kuna mtoto mchanga chumba cha pili. Pazia naye alisoma madirisha. Akitazama tu vyuma vya juu alimweleza hapa palining'inia kitambaa kizito, mwenye chumba hiki alipenda kulala mchana, na pale pazia lilikuwa fupi kwa sababu paka alikuwa akilipanda. Kidevu akamwambia anampenda, wamesimama kwenye jiko lisilo na paa. Pazia alitafuta ndani yake jibu, hakuliona, akamshika mkono. Kidevu hakudai zaidi ya huo mkono.

Njiani kurudi, mara moja tu, Pazia alimtajia nyumba ya mama yake. Ni kubwa, ya familia, iko shamba kama hizi. Tangu mazishi haijafunguliwa. Ufunguo unaning'inia nyuma ya mlango wa mama mdogo, na wote wawili hupita karibu nao bila kuutazama. Kidevu akaendesha.

Mvua zilipoanza, mwenye duka alimruhusu Kidevu apambe kioo cha mbele kwa picha zake kubwa. Alimpigia Pazia simu, akamwomba apite, avae vizuri, kuna kitu cha kumshtua. Mama mdogo akamvisha gauni la njano na hereni zake mwenyewe, akamzungusha mara mbili mlangoni, akatabasamu kama mtu anayejua siri.

Kwenye kioo picha zilikuwa nyingi. Ya katikati ilikuwa chumba cha kulala. Kitanda cha chuma, shuka jeupe lenye doa la kahawia, na hewani, kati ya dari na shuka, tone moja la maji likimetameta kama ushanga. Nyuma yake dirisha lenye pazia la maua, pindo limepanda upande mmoja. Pazia alilijua pindo lile. Ndilo la kwanza alilowahi kushona, akiwa msichana, na mama yake alikataa katakata lifumuliwe.

Kidevu alitoka dukani akiwa na shati jipya, uso umejaa furaha.

"Ufunguo ulipata wapi?" Pazia akauliza.

"Kwa mama mdogo. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, mpenzi. Lile tone nililisubiri sana."

"Ulilisubiri."

"Karibu asubuhi nzima."

"Yaani ulikaa asubuhi nzima unatazama maji yakidondokea kitanda cha mama yangu. Hukukisogeza."

Furaha ikamtoka usoni taratibu. "Mimi huwa sigusi kitu. Unajua."

"Najua," alisema Pazia, kwa sauti ile ile anayotumia kuomba uzi. Akageuka, akaondoka na gauni lake la njano katikati ya watu wenye miavuli.

Picha ilishushwa siku hiyo hiyo. Kidevu alipiga simu, akaandika ujumbe, akapiga tena. Kando ya cherehani jina lake liliwaka na kuzimika, hadi Pazia akaifunika simu kifudifudi. Alijaribu kukasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha watu, na kila alipoikaribia aligusa kitu kingine: paa lile lilikuwa likivuja kabla Kidevu hajaja na kamera yake. Nani alikiacha kitanda pale?

Mama mdogo ndiye aliyesema, akikunja nguo, bila kumtazama. "Yule kijana alikosea. Na mimi nilikosea kumpa ufunguo nyuma ya mgongo wako. Lakini mwanangu, angalau yeye aliingia. Sisi hatujachungulia hata dirishani." Akainuka, akaweka ufunguo juu ya cherehani, akaenda kuchemsha chai.

Jumapili Pazia alikwenda peke yake. Mvua ilikuwa ikinyesha, ndani mkinuka nguo zisizoanikwa. Tone lilikuwa palepale, likidondoka palepale, na chini yake godoro lilikuwa limenenepa kwa maji. Akashika chuma, akasukuma. Akasukuma tena hadi kiatu kikateleza, akakaa sakafuni. Angeweza kuita majirani. Alitoa simu.

"Pazia?"

"Kitanda ni kizito. Peke yangu sikiwezi."

"Niko njiani," akasema Kidevu.

Aliingia ameloa hadi soksi, shati limeganda mgongoni, mikono mitupu.

"Kamera iko wapi?"

"Imebaki nyumbani. Nimekuja kubeba kitanda." Lakini alisimama kizingitini, hakuvuka. Alikitazama kitanda, akamtazama Pazia. "Niguse?"

"Gusa."

Walipoinua, godoro lilimwaga maji yote kwenye viatu vya Kidevu, naye hakukiachia. Miguu ya chuma ikalia sakafuni. Wakakivuta hadi ukuta mkavu, wakakisukuma mara ya mwisho, na kidole cha Pazia kikabanwa kati ya chuma na ukuta.

"Inauma," alisema.

"Wapi?"

"Hapa." Alikiinua kidole, akakitazama kikianza kuvimba, kwa mshangao, kama habari iliyotoka mbali. "Inauma kweli."

Ndipo machozi yakaja. Hayakuwa mengi na hayakuwa na sauti. Kidevu alikifunika kile kidole kwa viganja vyake viwili, akaomba msamaha kwa ajili ya ile asubuhi aliyokaa akitazama maji, na hakumwambia nyamaza. Walisimama hivyo huku tone likiendelea kugonga sakafu tupu, mahali pasipo na kitanda.

Baadaye Pazia alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Akaliteremsha lile pazia la maua, akalikunja vizuri kama linavyostahili, akaliweka kwenye mkoba. Kisha akavua utepe shingoni na kumpa Kidevu ncha moja ashike juu ya dirisha.

"Unampimia nani?" Kidevu akauliza.

"Sisi. Ukishaziba paa."

"Sisi?" Mkono wake ukashuka, utepe ukalegea.

"Inua mkono kidogo, Kidevu. Unaupinda."

Akainua.