Dobi na Uzito Usio na Jina

Dobi aliupenda mvuke wa asubuhi. Ulipanda polepole kutoka kwenye pasi ukajaza duka, na mashuka yaliyoanikwa yakawa kama mawingu yaliyoshuka kupumzika. Lakini siku hizi aliwasikia watu kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. Chakula hakikuwa na ladha. Akijilaza, usingizi ulimpaa.

Redio ikatangaza: "Huzuni isiyoisha ni ugonjwa. Unatibika. Fika kituo cha afya."

"Ah, hayo ya vichaa!" alisema muuza nyama, akisubiri koti lake jeupe. "Mimi nikikosa usingizi, mke wangu akianza tu kunihutubia, nalala fofofo!"

Wateja wakaangua kicheko. Dobi naye akacheka, huku mawazo yakiwa mbali. Mkono ukaisahau pasi. Harufu ya kuungua ikapanda. Koti likatoboka.

"Baba watoto!" mkewe akashtuka.

Dobi akaketi sakafuni, akalia. 

Mkewe akakimbia kumwita jirani yao, muuguzi. Wakakaa watatu nyuma ya mashuka.

"Shemeji, una nini?" muuguzi akauliza.

"Sijui. Sijafiwa, sijagombana na mtu. Nimekuwa mzito tu."

"Hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Huja hata bila sababu ya kuonekana. Si wazimu, wala si uvivu. Niambie kweli, unawaza kujiua?"

Mkewe akajishika mdomo.

"Kuna siku natamani nisiamke," dobi akasema.

"Ahsante kwa kuniambia. Dada, usiogope swali langu. Kumuuliza mtu hakumpi wazo baya, kunampa nafasi ya kusema. Twende kituoni sasa hivi. Na nyumbani asiachwe peke yake."

Kituoni alipewa dawa, na mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Mwanzoni hakuona nafuu, akataka kuacha.

"Wewe shati la matope unalitakatisha kwa maji mamoja?" mkewe akamuuliza. "Vaa viatu, twende."

Kidogo kidogo, sauti za watu zikamkaribia. Siku moja alionja mchuzi akasema, "Chumvi imezidi." Mkewe akafurahi kama amesifiwa.

Muuza nyama alipokuja tena, alisubiri wateja waondoke.

"Kaka," alinong'ona, "mdogo wangu hatoki chumbani. Haongei. Wewe ulianzia wapi?"

Dobi akazima pasi.

"Tumfuate," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."