Namba ya Mwalimu Kornel

Soko la Kiborloni lilikuwa limefurika watu, na Digna, kwenye gauni lake la maua ya njano, alikuwa amekasirishwa na nyanya. Akizipanga mafungu ya tatu tatu, inabaki moja. Nne nne, inabaki moja.

"Ziko thelathini na saba, dada. Hata ukeshe hapa, hazipangiki," alisema kijana aliyevaa suruali ya bugaluu, chaki imeganda kwenye mkono wa shati.

"Basi nunua hiyo moja, zipangike."

Akanunua. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, mpaka soko zima likajua Mwalimu Kornel hafuati nyanya.

Jamani, mapenzi ya mwalimu wa hesabu! Alimweleza Digna habari za namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Aliyoipenda kuliko zote ni 131,071: unapanga mbili kumi na saba, unazizidisha zote pamoja, kisha unatoa moja. Wataalamu walishaithibitisha zamani, lakini yeye alitaka kujionea kwa mkono wake. Kwa ujanja wa hesabu vigawanyo vyote vilishaanguka, vikabaki vinne tu vya kujaribu.

Jumamosi ya posa, wajomba zake Kornel walitangulia Mwika, kwao Digna, na ndoo za mbege, pombe ya ndizi. Yeye angefuata kwa basi. Akakaa kidogo amalizie. Alipofika 239, namba ikagawanyika bila salio. Moyo ulimpasuka. Akarudia na kurudia, na alipoona kumbe alikosea kutoa, jua lilikuwa limezama. Huko mlimani Mzee Filemon, baba yake Digna, alikataa kuonja mbege ya mtu asiyeonekana. Wajomba wakateremka na ndoo zao, na Digna akalia kwa aibu.

Siku ya pili Kornel alipanda Mwika na jani la isale mkononi, lile la kuombea msamaha. Mwenye isale hafukuzwi. Mzee aliitikia shikamoo yake, akasema anayestahili kuombwa msamaha yuko migombani.

"Nilijua umenikataa mbele ya ukoo," Digna alisema. "Kumbe ulikuwa unagawa."

"Niliogopa, Digna. Niliona inagawanyika."

"Na sasa?"

"Haigawanyiki. Ila kwa moja na kwa yenyewe."

Digna aliuliza: "Ukiigawa kwa moja, inapungua?"

"Haipungui hata kidogo."

"Basi na mimi sikuja kukupunguza. Kaa na namba yako. Ila Jumamosi mbege uilete mwenyewe, kichwani."

Jumamosi Kornel aliingia uani shingo imekakamaa, mbege ikimchuruzikia kwenye kola. Digna alimpokea ndoo, akachota kata, akampelekea baba yake. Mzee Filemon akaonja.