Usiku wa Ijumaa, Ijumaa Usiku

Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kabla ya kuingia darasani, wanafunzi wa darasa la sita walisimama mstarini kusubiri swali. Mchezo huo aliuanzisha Mwalimu Devota, akauita Siku Kama ya Leo. Mwanafunzi wa zamu aliuliza habari ya jambo lililotokea tarehe hiyohiyo miaka ya nyuma, na wenzake wakajaribu kujibu. Lingeweza kuwa jambo la dunia, la nchi, au la mtaani kwenu tu. Sharti lilikuwa moja: liwe la kweli, na tarehe yake iwe ya leo, si ya jana wala ya kesho. Swali zuri liliandikwa kwenye ubao wa nje, karibu na mlingoti wa bendera, pamoja na jina la aliyelileta, likakaa hapo wiki nzima.

Zuwena alikuwa akiutamani ubao ule tangu Januari. Zamu yake iliangukia Ijumaa, tarehe sita Septemba. Wenzake wengi walichota maswali kwenye simu za wazazi wao, na ndiyo maana shule nzima ilikuwa imechoka kusikia habari za wafalme wa Ulaya. Yeye alitaka swali ambalo simu hailijui. Akamwendea bibi yake, Bibi Mwamvua, aliyekuwa akichambua mchele barazani kwao Ngamiani, akamwuliza kama kuna jambo kubwa lililowahi kutokea mtaani mwezi wa Septemba.

Bibi alifikiri kidogo, kisha uso ukamkunjuka. Alisema lipo. Mwaka sabini na nne, usiku wa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa, taa ya umeme iliwaka kwa mara ya kwanza katika kichochoro chao. Kabla ya hapo walikuwa wakitumia kandili na vibatari, na ukimsikia mtu anakuja ilibidi umjue kwa kikohozi chake.

Zuwena aliazima simu ya mama yake, akafungua kalenda ya mwaka ule. Ijumaa ya kwanza ilikuwa tarehe sita. Nusura apige vigelegele. Mwalimu Devota alifurahi pia, akamwambia aje na bibi mwenyewe awe shahidi. Bibi Mwamvua akatoa sandukuni doti ya kanga ambayo haijavaliwa, na kufikia katikati ya wiki hata muuza mkaa alijua kwamba Bibi Mwamvua anakwenda shule.

Alhamisi jioni, baada ya sala ya magharibi, bibi alimwita Zuwena wakae wasome Yasini.

"Leo usiku wa Ijumaa, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyozoea kumtania mjukuu wake.

Zuwena alicheka, akamkumbusha kwamba leo ni Alhamisi.

"Alhamisi imeondoka na jua lake," bibi akamjibu. "Jua likishazama, siku nyingine imeingia. Usiku huu ni wa Ijumaa. Wa kesho utakuwa wa Jumamosi."

Kicheko kilimkauka Zuwena. Aliuliza polepole, "Bibi, na ile taa? Iliwaka usiku kama huu, au kama wa kesho?"

"Kama huuhuu," bibi akasema, akafungua juzuu yake.

Kumbe taa iliwaka Alhamisi, tarehe tano, na si tarehe sita. Zuwena alisoma huku mawazo yake yakiwa mbali. Kanga zilikwishapigwa pasi, zimetundikwa mlangoni. Akisema ukweli atapoteza zamu, na bibi atakuwa amekwenda shule kuaibika mbele za watu. Akinyamaza, nani atajua? Hata Hosea, mvulana wa zamu inayofuata ambaye hakuachii kosa likapita, hakuwa na njia ya kujua. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshajua, na hapo ndipo palipomuuma.

Asubuhi bibi aliketishwa kwenye kiti mbele ya mstari, akinukia udi. Mwalimu Devota alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini. Kisha Zuwena akaitwa mbele.

"Mwalimu, swali langu limekosea tarehe," alisema. "Bibi aliniambia usiku wa Ijumaa, mimi nikaelewa Ijumaa usiku. Kumbe ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Taa iliwaka tarehe tano. Bibi hakukosea, nimekosea mimi."

Mtu alicheka nyuma ya mstari. Zuwena aliona aibu, machozi yakamlengalenga. Mwalimu Devota alimshukuru, lakini akasema sharti ni sharti, zamu inakwenda kwa Hosea.

Hosea, kama ilivyokuwa desturi kwa wa zamu inayofuata, alikuwa na swali la akiba tayari, la meli ya kwanza kuizunguka dunia, iliyorudi Hispania tarehe sita Septemba, zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Alitoka mbele, akamtazama Zuwena, kisha akamgeukia mgeni.

"Shikamoo, bibi. Usiku ule taa iliwaka. Na kulipokucha, hiyo Ijumaa yenyewe, kulikuwa na jambo gani?"

Bibi Mwamvua alijifunika mdomo kwa kanga. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Kulipokucha niliolewa."

Mstari wote ulilipuka kwa shangwe. Bibi alieleza kwamba taa ilipowaka yeye alikuwa ndani anapakwa hina. Shangazi yake aliizima kandili, akasema sasa anaziona vizuri kucha za bibi harusi. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, ndoa ikafungwa.

"Tarehe sita hiyo, mwalimu," Hosea alisema. "Meli yangu itangoja mwakani."

Mwalimu Devota alichukua chaki mwenyewe. Aliandika swali la harusi ubaoni, na chini yake majina mawili, Zuwena na Hosea. Kisha akawageukia wanafunzi.

"Zuwena angeweza kunyamaza, na sote tungempigia makofi," alisema. "Tungeandika jambo lisilo kweli hapa karibu na bendera, na bibi angerudi nyumbani na harusi yake moyoni bila mtu kuijua. Ukigundua umekosea, sema, hata kama umeshavaa nguo za sherehe. Ukisema, wenzako watapata pa kukusaidia."

Wakati wa kuondoka, Zuwena alimsindikiza bibi hadi getini. Alimwuliza kwa nini hakumwambia habari ya harusi tangu mwanzo.

"Uliniuliza jambo kubwa la mtaa," bibi alisema, akijitanda kanga yake. "Hukuniuliza langu."